Mwenye Kiwanda Akichagua Roboti, Anachagua Nini?

Siku hizi katika viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia yaonekana mashini yenye umbo la mkono: ina bega, kisukusuku na kifundo, lakini haina mwili wala kichwa. Yasimama mezani karibu na mfanyakazi, bila ua wa chuma katikati yao. Mfanyakazi akaza skrubu, nayo yamshikia kitu. Au yenyewe yapanga vitu katika sanduku, naye avitazama kama ni vizima. Yaitwa roboti ya kushirikiana. Wasomaji waliopita Kinshasa na kuona roboti za kuongoza magari, zilizoanza kuwekwa mwaka 2013, wasidhani ni kitu kile kile. Zile zilisimamishwa njiani kuonyesha taa. Hii hushika na kubeba, kando kabisa ya mwili wa mtu.

Basi swali letu ndilo hili: mwenye kiwanda anayetaka kununua mashini ya namna hiyo, afanyeje ili aichague kwa haki? Wengi watajibu upesi: hilo ni neno la fedha na la vipimo, waulizwe mafundi. Sisi hatuwezi kukubali jibu hilo. Fedha imo, vipimo vimo, lakini ndani ya vipimo vyenyewe yumo mtu.

Tutazame kwanza habari zake, maana asiyejua kitu asikihukumu. Roboti ya kwanza ya kiwandani ilianza kazi mwaka 1961 katika jimbo la New Jersey, huko Marekani. Kazi yake ilikuwa kuondoa vipande vya chuma vyenye moto. Nani atasikitika kwamba watu wameondolewa kazi hiyo? Lakini mkono ule wenye nguvu haukujua kama mbele yake pana chuma au pana mtu. Mwaka 1979, mahali paitwapo Flat Rock, katika jimbo la Michigan, mfanyakazi mmoja aliuawa na roboti kazini. Ndiyo maana mashini hizo hufungiwa ndani ya ua, kama mnyama mkali. Katika miaka ya 1990 walimu wawili wa chuo kikuu cha Northwestern, Colgate na Peshkin, walifikiri mashini nyingine, ya kusaidia mikono ya mtu pasipo kumshinda nguvu. Baadaye, huko Odense katika nchi ya Denmark, kampuni Universal Robots ilianzishwa mwaka 2005, ikauza mkono wake wa kwanza mwaka 2008. Mkono huo uliweza kubeba kilo 5 na kufika mbali milimeta 850, wala wenyewe haukuzidi kilo 19. Ukigonga kitu, husikia na kusimama.

Katika kilo 5 hizo vidole vya chuma vinavyofungwa penye ncha ya mkono vyahesabiwa pia: vikiwa na kilo 1, mzigo ni kilo 4 tu. Asiyeuliza neno hilo hununua mkono dhaifu, kisha anaulazimisha.

Lakini kuna neno kubwa kupita hilo. Mwaka 2016 yalitolewa maagizo ya kimataifa, yaitwayo ISO/TS 15066, yanayotaja sehemu 29 za mwili wa binadamu, na kwa kila sehemu nguvu isiyofaa kupitwa mashini ikimbana mtu. Kwa mikono na vidole ni niutoni 140, ni kama uzito wa kilo 14. Fikirini, wasomaji wapenzi: ili kupata hesabu hizo, iliwabidi wataalamu kuwabonyeza watu waliojitolea na kuwauliza, Yaanza kuuma sasa? Basi hata kipimo hicho cha mafundi kilitoka katika kinywa cha mtu aliyesema, Basi, inatosha. Mwenye kiwanda anayechagua bila kumwuliza mfanyakazi amesahau kipimo chake kilitoka wapi.

Tena, mkono mpole ukipewa kisu haubaki mpole. Mashini ile ile inayopanga chupa bila hatari, ikishika bati lenye ncha kali, yaweza kumkata jirani yake hata ikienda polepole. Maagizo mapya ya mwaka 2025, yaani ISO 10218, yamefanya vema kuliacha jina la roboti ya kushirikiana na kusema habari za kazi ya kushirikiana. Maana ushirikiano haununuliwi sokoni pamoja na mashini. Wawekwa, au wakosekana, katika namna kazi inavyopangwa: mashini yashika nini, yakwenda kasi gani, mtu asimama wapi, kichwa chake kiko juu au chini ya mkono ule.

Na hiyo kasi ndiyo jaribu lenyewe. Mashini ya kukaa karibu na mtu sharti iende polepole. Mwenye kiwanda aliyeichagua amechagua, akijua au asijue, kupata vitu vichache zaidi kwa saa kuliko vile ambavyo roboti ya ndani ya ua ingempatia. Wako wanaokubali siku ya kununua, kisha baada ya miezi miwili wanaongeza kasi kidogo, na kidogo tena. Huyo anayetaka kasi na ajenge ua, aseme wazi. Si dhambi kutaka kasi. Vibaya ni kuitaka penye vidole vya mwingine.

Sasa, kazi ipi ipewe mashini? Mtu anayeinua kitu kila sekunde 10 hukiinua mara 360 kwa saa, na mara 2,880 kwa siku ya saa 8. Kitu chenyewe chaweza kuwa chepesi. Bega halihesabu uzito peke yake, lahesabu na mara. Bwana akiwa ofisini haoni bega hilo. Aona vitu vilivyotoka. Ndiyo sababu mara nyingi huichagulia mashini kazi iliyo rahisi kwa mashini, siyo kazi inayomchosha mtu; kisha hushangaa kuona wafanyakazi hawaipendi, akawaita wajinga. Angemwuliza mama yule wa mezani, Saa tisa alasiri wapi panauma? angeokoa fedha yake pia.

Liko neno jingine tusilotaka kulipita. Mikono hii hufundishwa kwa kushikwa. Mfanyakazi aikamata, aiongoza taratibu njia ambayo mkono wake mwenyewe umeifuata miaka mingi, pale pa kugeuza, pale pa kukaza kidogo, nayo yashika yote. Kwa saa chache ametoa ujuzi alioupata kwa muda mrefu. Je, huo ni mali ya nani? Kiwanda chaweza kujibu kwamba kimemlipa mshahara kila mwezi, na jibu hilo si bure. Lakini alilipwa kwa kazi aliyoifanya. Hakulipwa kwa kazi ambayo mwingine ataifanya kwa ujuzi wake, yeye mwenyewe akiwa hayupo tena. Kumtaka mtu afundishe aliyekuja kumwondoa, huku akifichwa habari hiyo, ni udanganyifu, hata kama sheria ya nchi yake hailitaji. Basi mwenye kiwanda na amwambie mapema mfundishaji huyo mahali pake papya ni wapi, na mshahara wake ni kiasi gani, kabla mkono ule haujatolewa katika sanduku lake.