Birika la Chai na Haki ya Mwili

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sukari ni halali. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alipenda vitu vitamu na asali. Basi asitokee mtu kuharamisha alichohalalisha Allah. Lakini aya ya 31 ya Suratul A'raf, inayoturuhusu kula na kunywa, papo hapo inakataza israfu. Hata halali ina kipimo.

Tupime basi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: kwa mtu mzima, sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai, ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Sasa hesabu siku ya mwanafunzi. Chai ya asubuhi, vijiko 3. Soda moja ya mililita 300 mchana, karibu vijiko 8. Chai ya jioni, vijiko 3. Tayari ni 14, na uji na mandazi hatujavitaja.

Ramadhani ndiyo hutufichua. Mtume (S.A.W.) alifuturu kwa tende chache, na akizikosa, kwa maji. Sisi tunafunga kutwa, kisha magharibi tunaufidia mwili kwa uji mtamu, sharubati na chai juu yake. Nafsi iliyozuiwa mchana inafunguliwa kamba usiku. Swaumu hiyo imetufundisha nini?

Liko jambo zito zaidi. Katika dua na harusi zetu, kuanzia Ombaci hadi Koboko, chai mara nyingi hutiwa sukari jikoni, birika zima. Mwenyeji anakusudia ukarimu. Lakini kwenye mkeka ameketi mzee mwenye kisukari. Akikataa kikombe, ataonekana amemdharau mwenyeji, akinywa, anajidhuru. Ugonjwa huu usipodhibitiwa huharibu macho, figo na miguu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutodhuru wala kudhuriana, na kwamba mwili wako una haki juu yako. Basi haki ya mgeni isiishie kwenye kujaza kikombe chake.

Dawa yake ni nyepesi, na tuianze sisi wanafunzi. Kwenye shughuli za jumuiya yetu, chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe pembeni, kila mtu ajitilie. Maji yawepo, wala anayeyachagua asiulizwe kwa nini. Na wewe chumbani, punguza kijiko kimoja wiki hii, kingine wiki ijayo, ulimi huzoea. Nia yako iwe kulinda amana ya Allah, nawe utapata ujira kwa kikombe kile kile.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, utujaalie shukrani katika neema zako na kiasi katika matumizi yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.