Ufa Usioonekana

Methali yetu yatuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliyeitunga alichukulia kwamba ufa huonekana kwa macho. Je, tufanyeje iwapo ufa haujaonwa na mtu yeyote, bali wajulikana kwa hesabu tu?

Mwaka 1974 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walikokotoa hatima ya gesi ziitwazo klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na mikebe ya kupulizia marashi. Gesi hizo hupanda juu sana angani, ambako mwanga wa jua huzivunja zikatoa klorini. Klorini hiyo huiharibu ozoni, ambayo ndiyo chujio la mionzi ya urujuanimno. Chujio likipungua, mionzi mingi zaidi hufika ardhini, nayo huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Baadhi ya wenye viwanda walidai dhara lithibitishwe kwanza. Dai hilo halikuwa la kipuuzi, kwani kumnyima mtu riziki kwa dhana tupu ni dhuluma. Lakini gesi hizo huweza kukaa angani miaka mingi, hata mia. Angojaye kuona dhara, siku atakapoliona atakuwa amekwisha kuchelewa.

Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua mno. Hesabu za awali hazikubashiri upungufu mkubwa kiasi hicho. Naam, hesabu ilikosea, lakini ilikosea kwa upole. Twapenda kudhani kuwa shaka humtetea asiyetenda. Kumbe shaka haina upande. Mwaka 1987, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi hizo, na leo ozoni inapona polepole.

Nionavyo mimi, hesabu iliyowekwa wazi, ambayo kila mjuzi aweza kuikagua, ni ushahidi, na ushahidi huleta wajibu. Mwalimu aonaye alama za mwanafunzi zikishuka muhula hata muhula hangoji mtihani wa mwisho ndipo amwite mzazi. Tena mwanafunzi huyo aweza angalau kujitetea. Mtoto ambaye hajazaliwa hana kiti barazani. Anayeweza kumsemea leo ni yule aliyekubali kuhesabu kwa niaba yake, na sisi tuliokubali kusikiliza.