Enyi Wasanii, Fungueni Geti!

Enyi wachoraji, wachongaji na wafinyanzi wa Dar es Salaam, nawauliza: jirani yako anajua unafanya nini humo ndani? Mama anayekaanga vitumbua nje ya geti lako amesikia nyundo yako miaka yote; je, amewahi kuona kilichotokana na kelele hizo? Balozi wa nchi za nje ameshakuja, tena kwa kadi ya mwaliko. Mjumbe wa shina hajaja kwa sababu hakuitwa.

Halafu mnalalamika kwamba watu wetu hawapendi sanaa. Uzushi! Mtu atakipendaje kitu alichofungiwa?

Mkumbukeni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na ukumbi wa maonyesho. Alikuwa na vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akachora machoni pa watu, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 risasi ya polisi waliomdhania mhalifu ikamuua. Miaka minne tu ya kazi! Lakini sanaa yake haikuzikwa naye, kwa kuwa akina Simon Mpata, January Linda na wenzao walikwisha kujifunza kwa kukaa karibu naye. Mwaka 1990 warithi wa kazi hiyo wakaunda ushirika, na mtindo wenyewe hadi leo unaitwa kwa jina lake. Angejifungia ndani, leo tungekuwa na nini?

Basi geti lifunguliwe. Pale Mikocheni, Nafasi Art Space, wasanii hufanya kazi ndani ya makontena, na kuna siku ambapo watu huingia kuwatazama. Jambo jema hilo. Sasa lifike Mbagala, lifike Manzese na Tandika.

Ila tusidanganyane: kufungua studio si kufungua duka. Bei zikibandikwa kila ukuta, jirani atashika mfuko wake na kugeuza. Mwonyesheni kazi ambayo rangi yake haijakauka. Mpeni mtoto brashi aharibu kipande cha ubao. Mzee akikwambia simba wako kanenepa kama mbuzi wa Idi, meza mate usikilize. Pengine yeye amemwona simba porini, na wewe humjui ila kwenye kalenda.

Nanyi majirani, msisimame kizingitini! Kuingia humo hakuhitaji shahada wala viatu vya harusini. Ulizeni, "Hii ni nini?" bila aibu, na mkijibiwa kwa maneno makubwa, ulizeni tena.

Anzeni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Mwombeni mjumbe atangaze mtaani, telekeni chai ya kutosha, mkae mlangoni wenyewe tangu asubuhi kuwapokea watu.