Nani Aliyeifunga Mvua?



Kila masika yakichelewa husikika neno moja baya, kuwa mvua imefungwa. Kisha hutafutwa aliyeifunga, na mara nyingi haonekani ila mzee asiye na wa kumtetea. Wako wazee waliouawa katika pwani hii kwa tuhuma za uchawi. Basi yatupasa tujue kwanza wingu hufanya nini.

Utazameni mlima Kasigau. Aliye Rukanga, chini yake, huona mawingu yatokayo baharini yakitanda kileleni, na huku nyika iliyomzunguka imekauka. Mawingu yapo, mbona hayanyeshi?

Wingu si mfuko wa maji ungojao kufunguliwa. Upepo wa bahari upandapo mlima hupoa, na mvuke wake ukashika chembe za chumvi na vumbi, yakawa matone madogo mno, upana wa kila moja kama sehemu 2 katika 100 za milimita. Hayo hewa huyachukua. Ili lipatikane tone moja la mvua, la milimita 2, hapana budi yakusanyike kiasi cha milioni moja. Aya ya 43 ya Sura An-Nur nayo yataja kukusanywa kwa mawingu kabla ya kutaja mvua. Katika wingu fupi matone hayawahi kuungana, hurejea kuwa mvuke. Na hata yakianguka, hewa kavu ya nyika huweza kuyanywa kabla hayajagusa ardhi.

Wingu refu lina ajabu zaidi. Kule juu mna maji yasiyoganda ijapokuwa baridi imeshuka chini ya sifuri, na kati yake chembe chache za barafu. Chembe hizo huuvuta mvuke, matone yakapungua, barafu ikanenepa ikawa theluji. Ikifika penye joto huyeyuka, nasi tukasema mvua. Mvua nyingi za radi, hata huku kwetu, zimepitia hali hiyo. Kilimanjaro, kwa mita zake 5,895, huipokea theluji kabla haijayeyuka.

Kasigau haukufika huko. Una kama mita 1,600. Lakini miti ya kileleni huunasa ukungu kwa majani yake, ukadondoka na kuingia ardhini, hata wingu lisilonyesha likatoa maji. Mwenye kuukata msitu ule yu karibu zaidi na kufunga maji kuliko ajuza yeyote.

Ama atakaye mvua, njia yake iko. Katika madhehebu ya Shafii, kabla ya Sala ya Istiska watu huamrishwa wafunge siku 3, watubu na warudishe haki za wenzao. Siku ya 4 hutoka kwenda uwanjani. Na mafakihi wamependekeza watoke pia watoto na wazee, kwa kutaraji kuwa dua zao zi karibu zaidi na kujibiwa. Mzee yule yule anyoshewaye kidole ndiye atakiwaye kushikwa mkono na kupelekwa safuni.