OSHA KWANZA, NDIPO UPAKE MAFUTA
Somo: Kutoka 29:4–7



Angalieni utaratibu wa Mungu. Haruni analetwa mlangoni pa hema na kuoshwa kwa maji. Kisha anavikwa mavazi. Mafuta yanamiminwa mwisho. Si ndiyo?

Ndugu zetu wa bodaboda wanalielewa jambo hili. Pikipiki ikishinda kwenye barabara ya murram, cheni inashika vumbi na mchanga. Mwenye haraka anamwaga oili juu ya uchafu ule ule, kelele inaisha, anasema cheni imepona. Kumbe mchanga ukichanganyika na oili unakuwa msasa: unasaga cheni na meno ya sproketi pole pole. Wengine wanapaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ni mafuta, ndiyo, lakini yamebeba masizi na chembe za chuma.

Anayejali kazi yake anazima injini kwanza, asikatwe vidole. Anasugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, anaipangusa mpaka ikauke. Ndipo anatia oili safi upande wa ndani, kidogo kidogo, akizungusha gurudumu kwa mkono.

Mpendwa, wengine wetu tunakuja kila kesha kupakwa mafuta na hatujaoshwa. Hujasalimiana na dada yako tangu ile kesi ya shamba. Pesa ya chama uliyokopa hujarudisha, na mweka hazina akipiga simu hushiki. Unaombewa, unalia, kelele ya ndani inanyamaza siku mbili. Lakini mchanga bado uko pale, unasaga.

Na mwenye pikipiki haanguki peke yake. Cheni ikikatika inaweza kufunga gurudumu la nyuma, na abiria amekaa hapo nyuma akikuamini. Wewe umebeba nani? Nyumbani kuna watoto wanaotazama jinsi unavyoishi.

Habari njema ni hii: anayeungama, Mungu ni mwaminifu kumsamehe na kumsafisha (1 Yohana 1:9). Basi zima injini. Tulia mbele zake, taja dhambi kwa jina lake. Kabla ya kesha ya Ijumaa, mpigie dada yako. Peleka pesa ya chama, hata kama ni ya kuanzia tu. Halafu njoo upakwe mafuta.

Tuombe: Bwana, usininyamazishe kelele tu. Nioshe kwanza. Katika jina la Yesu, amina.