Ufito Wenye Miguu

Mjomba alikuwa uani kwake, Mahege, akichambua fito za kujengea banda la kuku, mara akasita. "Mpwa wangu, njoo uone. Ufito huu una miguu."

Nikasogea, nikaona fito tu. Ikabidi anioneshe kwa uchelewa wa ufagio, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Mwili ulikuwa na rangi ya gome kavu, una vifundo kama vya tawi. Miguu miwili ya mbele ilinyooshwa kupita kichwa, na mapaja yake yalikuwa yamebonyea kidogo pale yanapokutana na kichwa, mithili ya kitu kilichochongwa ili kichwa kipate pa kulala. Nilikuwa nimemtazama muda wote huo bila kumwona.

Bibi alituonya kutoka kizingitini: "Msimguse vunjajungu huyo, mtanivunjia vyungu vyangu!"

Hakuwa vunjajungu, alikuwa mdudu kijiti. Lakini kosa la bibi lina wenzake wakubwa. Mwaka 1758, mwanasayansi Linnaeus alipowapanga viumbe kwa majina, mdudu kijiti mkubwa wa Asia alimweka kundi moja na vunjajungu. Baadaye wataalamu waliwatenga, wakawapa oda yao wenyewe, Phasmatodea, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzuka. Leo spishi zake zinazojulikana zinapita 3,000. Wapo wa jenasi ya Bactrododema, wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambao majike yao huweza kuzidi sentimita 20.

Kwa nini basi tuwatenganishe wawili hawa, ikiwa wote huishi kwa kufanana na mmea? Vunjajungu hutulia ili amkamate anayepita. Mdudu kijiti hula majani, na hutulia ili apitwe. Kwa macho, utulivu huo ni mmoja. Tofauti imo katika kinachongojwa, na hapo ndipo swali langu linapoanzia: je, anayeishi kwa kutoonekana ni mwongo?

Kiswahili kimetupa maneno ya kupimia jambo hili. Kuna kuvizia, ambako ni kujificha kwa ajili ya saa ya kujitokeza. Kuna kuhadaa, yaani kumfanya mwenzako aamini lisilokuwepo ili akupe kilicho haki yake. Na kuna kujisitiri. Sitara ni kile kifuniko kinacholinda bila kumnyang'anya mtu, na sisi watu wa pwani tunaiombea dua, wala hatuioni aibu. Nyumba ina sitara, nguo ni sitara, na asiyeitangaza dhiki ya jirani yake amemsitiri. Kwa hiyo naona mdudu kijiti ni wa neno hili la tatu.

Utaniuliza: na ndege aliyekosa chakula je, si amehadaiwa? Swali hilo nimelibeba siku nyingi. Njaa ya ndege ni kweli, na makinda yake ni kweli. Lakini kuhitaji si kuwa na haki, na sidhani kama yuko kiumbe anayedaiwa mwili wake na mwenye njaa. Jibu hili bado halinipi usingizi mzuri, ila sijapata lililo bora zaidi.

Delta ya Rufiji nayo iliwahi kuuficha mwili mkubwa zaidi. Septemba 20, 1914, manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha HMS Pegasus kwenye bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujibanza katika mito ya Rufiji, kati ya mikoko na michu. Chuma chenye urefu unaozidi mita 100 kilivikwa matawi ili kifanane na msitu. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaleta ndege za kuitafuta kutoka angani, na Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na mizinga, Wajerumani waliilipua wenyewe. Matawi yale yalikuwa ya kuvizia. Yalikatwa mtini, yangenyauka, na chini yake mizinga ilibaki mizinga. Ukimvua mdudu kijiti umbo lake, utakuta nini chini? Hakuna mdudu mwingine aliyejificha nyuma ya ule ufito. Sitara yake ndiyo nafsi yake, na sijui binadamu yeyote aliyefika hapo.

Yule wa uani kwa mjomba nilimfuga siku tisa, ndani ya dumu lililokatwa na kufunikwa kipande cha chandarua, pamoja na matawi ya mpera. Nililisimamisha dumu wima, kwa sababu wadudu hawa hujivua ngozi wakining'inia na hutaka kimo. Hakuna kenge wala kuku aliyemfikia. Alikuwa salama kuliko alivyowahi kuwa, na hata hivyo kila nilipompulizia pumzi aliyumba taratibu, mbele na nyuma, pamoja na majani. Aliendelea kujisitiri mahali pasipo adui. Au ndivyo nilivyodhani, hadi siku ya nane nilipotambua kwamba adui alikuwepo: jicho langu. Nilikuwa nimemnyima kitu kimoja tu, kupitwa, na hicho ndicho alichokuwa akikiishi. Tumezoea kusema thamani ni kujulikana, kutambuliwa, kuonekana. Pengine hilo ni kweli kwa baadhi yetu. Kwake yeye kutazamwa ilikuwa hasara, hata nilipomtazama kwa mapenzi.

Siku ya kumi nilimrudisha kichakani. Uchafu wa dumu niliumwaga chini ya mkorosho, kando ya njia ya kwenda kisimani: vipande vya majani, kinyesi kikavu, na chembe chache ngumu nilizozichukulia kuwa mbegu. Baadaye ndipo niliposoma kwamba wadudu wengi wa jamii hii hudondosha mayai ardhini moja moja, nayo hufanana na mbegu. Katika baadhi ya spishi jike huyataga bila dume, na mayai huweza kukaa miezi mingi kabla ya kuanguliwa.

Nikipita pale sasa, nikiwa na ndoo kichwani au mikono mitupu, huacha njia na kuuzunguka mkorosho kwa upande wa pili.