Ahadi ya Jumamosi

Mpangaji ninayemsimulia hapa ni mshonaji wa nguo. Alihamia Bunju, Dar es Salaam, mwezi Januari, chumba na sebule, katika nyumba ya wapangaji wanne wenye choo kimoja cha uani. Alilipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, akampa dalali kodi ya mwezi mmoja, hawakuandikishana chochote. Januari ni jua kali. Bati lililooza huwezi kuliona ukiwa chini ya dari iliyopakwa rangi juzi.

Machi masika yakaingia. Dari ya sebule ikapiga madoa ya kahawia, halafu matone yakaanza kuangukia cherehani. Akampigia simu mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Paa linavuja, vitambaa vya wateja vinalowa."

"Marahaba mwanangu, pole sana. Jumamosi nakuletea fundi."

Jumamosi ikapita. Ya pili ikapita, na ya tatu. Kila alipopiga alijibiwa kwa upole uleule, na naamini upole huo ndio uliomponza. Mwenye nyumba angemtukana, mpangaji angeshakwenda kumshtaki. Lakini anayekuita mwanangu unamwonea haya, unampa wiki nyingine.

Aprili maji ya mvua yakaingia kwenye shimo la choo, likafurika hadi mlangoni. Wapangaji wakachangishana pesa za gari la kunyonya majitaka. Naye mshonaji, kwa uchungu wa kazi za watu kuharibika, akaita fundi wake mwenyewe. Alinunua mabati, mbao na misumari, akalipa ufundi. Mzee alimwambia kwenye simu, "Fanya tu, tutakatana kwenye kodi." Akashukuru, akakata simu.

Julai kodi ilipokwisha akataja gharama zake. Mzee akabadilika: "Nani alikutuma uguse paa langu?" Mama wa watu akakasirika, akagoma kulipa. Miezi 2 ikapita wakiwa hivyo, mpaka mzee akamburuza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akauliza maswali matatu. Mkataba uko wapi? Risiti za mabati? Ujumbe wa kukubaliana? Hana. Kilichobaki mezani bila ubishi kilikuwa deni la kodi ya miezi 2. Akahama kwa madeni, mabati yake akayaacha juu ya nyumba ya mtu.

Kinachoniuma ni kwamba sheria ilikuwa upande wake. Ni kweli kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo wengi wanaamini mpangaji hana pa kushika. Si hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamtaka anayepangisha nyumba au chumba cha kuishi akikabidhi kikiwa kinafaa kukaliwa na binadamu, na akitunze hivyo muda wote wa upangaji. Anayepangisha sehemu tu ya jengo, kama nyumba ile ya wapangaji wanne, anawajibika pia kwa paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Hata makubaliano ya mdomo ya muda usiozidi mwaka yanatambulika kisheria. Ugumu uko kwenye kuyathibitisha, na hapo ndipo mshonaji wetu alipokwama.

Baada ya Jumamosi ya kwanza kupita bure, alitakiwa aandike. Ujumbe wa simu wenye tarehe, picha ya dari, na siku za kusubiri zilizotajwa wazi, ungetosha kuanzia. Kimya kikiendelea, barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala igongwe muhuri. Suala la choo lina mlango wake: majitaka yanayotapakaa uani ni kero inayohatarisha afya chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na afisa afya anaweza kumwamuru mwenye nyumba aiondoe. Amri ya bwana afya huwa nzito kuliko simu kumi za mpangaji.

Ukilazimika kutengeneza mwenyewe, usinunue hata msumari kabla mwenye nyumba hajakubali gharama kwa maandishi, kiasi kikiwa kimetajwa. Na usigome kulipa kodi kwa hasira. Ukigoma bila makubaliano wala amri, wewe uliyedhulumiwa unageuka mdaiwa.

Mtaa ukishindwa kuwapatanisha, mgogoro unakwenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 njia iko wazi kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na pesa ya wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hutolewa bure. Zote hizo ni safari ndefu, sitakudanganya. Aliyelipa miezi 6 mbele huanza safari hiyo akiwa mnyonge, kwa kuwa pesa imeshaondoka mkononi mwake.

Kwa hiyo wewe unayetafuta chumba leo, Bunju, Boko au Mbagala, kabla pesa haijatoka mfukoni omba upandishwe juu uone bati, na funua mfuniko wa choo. Kisha andikeni kwenye mkataba sentensi hii moja: "Mwenye nyumba atatengeneza paa na choo ndani ya siku 14 baada ya kuarifiwa; akishindwa, mpangaji atatengeneza na gharama itakatwa kwenye kodi." Mwenye nyumba akikataa kuisaini, rudi na pesa yako.